Chupa angavu si chupa tupu: kuwasaka bakteria wa ndani kwenye migomba ya tishu, na kuwarudisha vijidudu wenye faida

Mche wa mgomba wa tishu, yaani uliokuzwa maabara kutoka kipande kidogo cha chipukizi, unaweza kukaa chupani miezi minne bila doa, majani ya kijani, jeli angavu, na bado ukawa umebeba bakteria tangu siku chipukizi lake lilipochimbwa shambani. Kisha kwenye ukataji wa tano au wa sita, yaani kuigawa miche na kuihamishia chupa mpya, wingu jeupe kama maji ya kuoshea mchele linaanza kutoka chini ya shina, na baada ya wiki moja ukoo mzima, yaani miche yote iliyotokana na kipande kimoja, umeharibika. Wengi humlaumu fundi aliyekata siku hiyo. Mara nyingi fundi hana kosa. Bakteria hawakuingia siku hiyo, walikuwemo.

Vijidudu wanaoishi ndani ya mmea bila kuuonyesha ugonjwa huitwa endofaiti. Hukaa kwenye nafasi kati ya seli, kwenye mirija ya maji, wengine hata ndani ya seli zenyewe. Kwenye migomba ya chupa wameonekana Bacillus, Klebsiella, Pantoea, Pseudomonas na wengine wengi. Watafiti wa Bengaluru, India, walionyesha kwamba hata migomba iliyozalishwa chupani kwa muda mrefu na kuonekana safi kabisa inaweza kuwa na bakteria ndani ya tishu.

Kwa nini wanatulia? Midia (chakula cha mche ndani ya chupa) ya Murashige na Skoog, ile ya mwaka 1962 ambayo karibu kila maabara ya migomba inaitumia, ina chumvi nyingi, pH yake ni 5.8, na haina peptoni wala vyakula vingine ambavyo bakteria wengi huvitegemea. Basi wanajibana ndani ya mmea. Tishu ikizeeka, ikikatwa vibaya au ikikaa kwenye joto kali, huvuja sukari na amino asidi kwenye jeli. Hapo ndipo wanapotoka.

Kwa hiyo kazi ni mbili, na mpangilio wake usigeuzwe: kwanza hakikisha koo unazozizalisha hazina bakteria waliojificha, kisha mche ukishatoka chupani na kupata mizizi, mrudishie kwa makusudi vijidudu wenye faida. Ukiwaachia hao wenye faida ndani ya chupa yenye gramu 30 za sukari kwa lita, nao watafurika na kuua mche. Rafiki wa shambani akiwa chupani ni adui.

Kabla ya kuchimba

Usafi wa chupa huanzia shambani. Chagua chipukizi lenye majani membamba kama sime, urefu wa sentimita 40 hadi 100, kutoka kwenye shina mama lililokwisha kuzaa na kuonyesha mkungu mzuri. Chimba kiangazi ukiweza. Machipukizi yaliyochimbwa masika, udongo ukiwa umelowa, hutoa chupa nyingi zaidi zilizochafuka, na hakuna dawa ya kuosha itakayofidia hilo.

Kata mgomba mwingine wa shina mama hilo hilo na usubiri dakika 5 hadi 15. Ukiona ute wa rangi ya maziwa au njano unachuruzika kwenye mkato, acha shamba lote. Huo ni mnyauko bakteria, ule unaosababishwa na Xanthomonas, uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera mwaka 2006. Ukiona mirija ya ndani ya tunguu imekuwa ya kahawia au nyekundu, shuku mnyauko fusari. Hakuna sababu ya kuingiza hayo maabara kwa matumaini ya kuyasafisha. Choma kisu ulichotumia kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Kuosha nje, na kujua kama tatizo ni la nje

1. Menya tunguu na magamba ya majani ubaki na kipande cha sentimita 5 hivi. Osha kwa sabuni chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 30.
2. Tumbukiza kwenye ethanoli 70% kwa dakika 1.
3. Hamishia kwenye hipokloraiti ya sodiamu (dawa iliyomo kwenye jiki) 1% yenye matone mawili ya sabuni ya maji kwa kila mililita 100, dakika 20, ukitikisa mara kwa mara. Sabuni ndiyo inayofanya dawa ishike kwenye mikunjo ya majani.
4. Ndani ya kabati la hewa safi, suuza mara tatu kwa maji yaliyopikwa kwenye otoklevu (mtambo wa mvuke wa presha wa kuua vijidudu), dakika 5 kila mara.
5. Menya tena hadi sentimita 2, rudia hipokloraiti kwa 0.5% dakika 10, suuza mara tatu, kisha kata kipande cha mwisho cha sentimita 0.5 hadi 1 chenye ncha ya chipukizi na majani machanga matatu au manne.

Soma kibandiko cha jiki kabla ya kupima. Ikiwa ina 3.5%, utahitaji mililita 286 ukiongeza maji hadi lita 1 kupata 1%, na mililita 143 kupata 0.5%. Jiki iliyokaa dukani juani imepoteza nguvu hata kama kibandiko hakijabadilika. Nunua chupa ndogo, iweke gizani, na uchanganye siku ile ile ya kazi.

Sasa jambo ambalo maabara nyingi huliruka. Chukua maji ya suuzo la mwisho, mikrolita 100, uyatandaze kwenye sahani ya petri yenye aga ya lishe. Ni kazi ya dakika mbili, lakini ndiyo itakayokuambia baadaye tatizo lilitoka wapi. Sahani ikiota bakteria, uoshaji umeshindwa. Sahani ikibaki safi lakini wiki mbili baadaye bakteria wakatoka kwenye kitako cha kipande, basi walikuwa ndani. Klorini haifiki huko. Kuongeza muda wa kuosha kutaua tishu kabla ya kuwaua wao.

Chupa moja, kipande kimoja, namba moja

Kila kipande cha kuanzia kiwe kwenye chupa yake na kipewe namba ya ukoo itakayofuata watoto wake wote mpaka kitalu. Bila namba hiyo huwezi kutenganisha ukoo mchafu na ukoo safi, na siku ya tatizo utalazimika kutupa vyote.

Midia ya kuanzia: chumvi za Murashige na Skoog, sukari gramu 30 kwa lita, homoni ya BAP miligramu 5 kwa lita, pH 5.8. Ongeza asidi askobiki miligramu 100 kwa lita kupunguza ule weusi unaovuja kwenye mikato ya mgomba. Weusi huo ni mbaya kwa mmea, na pia hufunika wingu la bakteria usilione. Kwa koo mpya tumia jeli ya gellan gramu 2 hadi 2.5 kwa lita badala ya aga. Ni ghali, lakini inaangaza kama kioo, na kwenye hatua hii macho yako ndiyo kipimo cha kwanza.

Kuisoma chupa

Usiikague chupa kwa kuitazama kutoka juu ya rafu. Inyanyue, iweke mbele ya kitambaa cheusi au karatasi nyeusi, taa ikiwa pembeni na si nyuma yako. Zungusha polepole ukitazama kitako cha mche, pale tishu inapogusana na jeli. Bakteria wa ndani huonekana kama moshi mwembamba unaozunguka mkato, mzito karibu na tishu na unaofifia kadiri unavyokwenda mbali. Chupa nyingine zitaonyesha michirizi inayofuata mizizi ndani ya jeli.

Mahali na wakati vinaeleza mengi kuliko rangi:

- Doa limeota juu ya jeli, mbali na mche, siku ya 2 hadi 4: limetoka hewani au mkononi.
- Chupa zote za sufuria moja zimechafuka, zenye mche na zisizo na mche: midia haikuiva.
- Chupa za meza moja au za mtu mmoja, koo mchanganyiko: angalia kisu, koleo na chombo cha ethanoli.
- Wingu kitakoni, siku ya 7 hadi 21, kwenye chupa za ukoo ule ule hata zikikatwa na watu tofauti: bakteria wa ndani.

Kuna vitu vinavyodanganya. Utandu mweupe ulioenea sawasawa chini ya chupa zote ni chumvi zilizoganda, hasa kama kalisi iliwekwa haraka kwenye mchanganyiko. Wingu la kahawia linalokuwa jeusi ni fenoli za mgomba, ule weusi unaovuja kwenye mikato. Ukiwa na shaka, gusa wingu kwa kitanzi kilichochomwa, uchore kwenye sahani ya aga ya lishe na usubiri siku mbili. Chumvi haioti.

Kupima ukoo unaoonekana safi

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Chupa angavu ipimwe kwa chakula ambacho bakteria wanakipenda, si kile ambacho mgomba unakipenda.

Midia inayofaa zaidi ni ile inayojulikana kwa namba 523. Kwa lita 1 ya maji yaliyokenekwa: sukari gramu 10, kaseini iliyomeng'enywa gramu 8, dondoo la hamira gramu 4, fosfeti ya potasiamu (K₂HPO₄) gramu 2, salfeti ya magnesiamu gramu 0.3. Rekebisha pH iwe karibu 7. Gawa mara mbili: nusu iache ya maji uimimine mililita 5 kwenye kila mrija, nusu nyingine weka aga kwa kipimo cha gramu 15 kwa lita kwa ajili ya sahani. Lita moja ya midia ya aga hutoa sahani 50 za mililita 20.

Pembeni weka aga ya viazi kwa ajili ya fangasi. Unaweza kuipika mwenyewe: chemsha gramu 200 za viazi mbatata vilivyomenywa na kukatwa vidogo, chuja supu yake, ongeza sukari ya glukosi gramu 20 na aga gramu 15, jazia maji hadi lita 1, ipike kwenye otoklevu.

Siku ya kukata na kuhamisha, fanya hivi kwa kila mche unaopimwa:

Kata kipande chembamba cha milimita 2 hadi 3 kutoka kitako cha mche, pale palipokuwa ndani ya jeli. Usichukue jani. Bakteria hujaa kitakoni, na jani safi halithibitishi chochote. Pasua kipande hicho katikati. Nusu moja ibonyeze na kuiburuta kwenye sahani ya 523, uiache palepale mwisho wa mchoro. Nusu ya pili itumbukize kwenye mrija wa 523 ya maji. Andika namba ya ukoo na tarehe, na mche wenyewe uuhamishie kwenye chupa mpya yenye namba hiyo hiyo.

Weka sahani na mirija kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30. Soma siku ya 2, ya 5, ya 7, ya 14 na ya 21. Usitupe siku ya tatu kwa kuona hakuna kitu. Bacillus huota ndani ya siku moja au mbili, koloni kavu yenye makunyanzi, lakini Methylobacterium, wale wa rangi ya waridi, wanaweza kuchukua wiki nzima au zaidi kabla hujaona kinukta.

Mrija usomwe kwa gazeti. Uweke mbele ya maandishi madogo: kama herufi zinasomeka kama zinavyosomeka kupitia mrija usiowekwa kitu, ni safi. Herufi zikififia, mna kitu. Utomvu wa mgomba unaweza kuyapa maji rangi ya chai, na hiyo si dalili ya bakteria. Kinachotafutwa ni ukungu. Thibitisha kwa kuchora tone kwenye sahani mpya.

Kila siku ya kupima iwe na sahani tatu za ulinganisho: moja isiyofunguliwa, moja iliyoachwa wazi ndani ya kabati kwa dakika 30, na moja iliyoguswa na kisu kilichochomwa na kupozwa. Sahani ya kisu ikiota, matokeo yote ya siku hiyo hayana maana, hata yale uliyoyapenda.

Kipimo kimoja kikitoka safi, ukoo bado haujafaulu. Bakteria wanaweza kuwa wachache mno, au wakawa upande wa tishu ambao hukuukata. Pima vipande vyote vya kuanzia, kisha rudia kwenye ukataji wa kwanza na wa pili. Ukoo uliotoka safi mara tatu mfululizo ndio wa kuzidishwa. Baada ya hapo chukua chupa 1 kati ya kila 20 za ukoo kwenye kila ukataji, na upime tena kabla ya kupeleka miche kwenye hatua ya kuotesha mizizi. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kupoteza oda ya miche 5,000 iliyokwisha lipiwa.

Umewakuta: ni akina nani?

Huhitaji mashine ya kusoma vinasaba ili uamue la kufanya. Unahitaji kujua kama ni wa Gramu hasi au Gramu chanya, makundi mawili makuu ya bakteria kwa aina ya ukuta wa seli, na kama wana spora, yaani hali ngumu ya kujihifadhi. Vipimo viwili vya mezani vinatosha.

Cha kwanza ni cha KOH. Weka tone la haidroksidi ya potasiamu 3% kwenye kioo, ongeza koloni moja, koroga kwa kijiti sekunde 30 hadi 60, kisha inua kijiti polepole. Ukivutika uzi wa ute kama mlenda, sentimita moja hivi, bakteria ni wa Gramu hasi. Likibaki tone la maji tu, ni wa Gramu chanya.

Cha pili ni cha joto. Changanya koloni ya siku tano kwenye mililita 2 za maji safi, weka mrija kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 10, kisha chora kwenye sahani. Wakiota tena, wana spora, na karibu hakika ni Bacillus au jamaa zake. Hawa ni wagumu. Spora hustahimili ethanoli 70%, hustahimili joto la maji yanayochemka kwa muda mfupi, na antibayotiki haziwagusi wakiwa katika hali hiyo.

Kutupa au kuokoa

Ushauri wetu ni wazi: kama aina ya mgomba inapatikana shambani, tupa ukoo. Kuchimba chipukizi jipya na kuanza upya huchukua miezi michache, na unajua unachopata. Kuokoa kwa antibayotiki huchukua muda huo huo na mara nyingi mwisho wake ni kuwalaza bakteria usingizi tu, waamke tena kwenye kitalu cha mteja.

Chupa chafu zisifunguliwe. Zipike zikiwa zimefungwa, nyuzi 121 kwa dakika 30, ndipo zifunguliwe na kuoshwa, na ziwe mbali na chumba cha kukatia.

Kama mgomba ni wa nadra na hauna mbadala, anza kwa kisu kabla ya dawa. Chini ya hadubini ya kupasulia, toa meristemu, ile ncha changa kabisa ya kukua, ya milimita 0.5 hadi 1 yenye majani machanga mawili tu. Bakteria ni wachache sana kwenye ncha hiyo. Vingi vya vipande hivyo vitakufa, kwa hiyo anza na 20 au 30.

Ndipo antibayotiki ije kumalizia. Kwa wa Gramu hasi, sefotaksimu miligramu 250 hadi 500 kwa lita huvumiliwa vizuri na migomba. Kichupa cha gramu 1 kiyeyushe kwenye mililita 10 za maji safi: hapo una miligramu 100 kwa mililita, na mililita 2.5 za maji hayo kwenye lita ya midia zinakupa 250. Ipitishe kwenye kichujio cha mikromita 0.22, uiongeze midia ikiwa imepoa chini ya nyuzi 50 lakini haijaganda. Joto la otoklevu huiharibu. Kinachobaki kigawe kidogo kidogo na ukigandishe, usikigandishe na kukiyeyusha mara mbili.

Jentamisini hustahimili otoklevu, na ndiyo maana mabaki yake hayamwagwi kwenye karo hata yakiwa yamepikwa. Yakusanywe na taka za kemikali. Pia hudumaza mizizi, kama ambavyo streptomisini hupausha majani. Jaribu kwanza kwenye miche mitano iliyo safi, wiki mbili, kabla ya kuweka ile ya thamani.

Mche ukae kwenye dawa siku 10 hadi 14, kisha ukatwe mara mbili mfululizo kwenye midia isiyo na dawa, na upimwe kila mara. Kupima mche ambao bado una antibayotiki ndani ya tishu ni kujidanganya. Na antibayotiki isiwe kiungo cha kudumu cha midia yako: itakuletea bakteria sugu.

Kisu, ethanoli na sufuria

Bacillus ana njia nyingine ya kuzunguka maabara inayofanana kabisa na endofaiti: chombo cha ethanoli cha kuchovyea visu. Spora hujikusanya chini yake, kisu kinachovywa, kinachomwa sekunde moja, kinakata. Ukoo baada ya ukoo unapata bakteria kwenye mkato, na fundi anaapa ni wa ndani. Badilisha ethanoli kila asubuhi, pika chombo chenyewe, na ukiweza tumia kichomeo cha shanga za kioo chenye nyuzi 250, kisu kikae sekunde 15 kisha kipoe. Kuwa na visu vitatu kwa zamu ili kimoja kipate muda wa kupoa.

Maabara ndogo zinazotumia sufuria ya presha zikumbuke mwinuko. Paundi 15 za geji zinatoa nyuzi 121 pwani, Tanga au Mombasa. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, geji inatakiwa isome karibu paundi 18 kupata joto hilo hilo, na Arusha zaidi kidogo ya 17. Kama sufuria yako haiwezi kufika huko, ongeza muda, pika ujazo mdogo, na tumia utepe wa kupima joto kila mpiko. Toa hewa yote kabla ya kufunga vali. Hewa iliyobaki huifanya geji isome presha ambayo si ya mvuke. Chupa za mililita 50 zinahitaji dakika 15 hadi 20, lita moja kwenye chombo kimoja karibu dakika 40.

Kuwarudisha wenye faida

Mche safi ukitoka chupani hauna minyoo ya mizizi, hauna fukusi wa migomba, na pia hauna walinzi. Unaingia kwenye udongo wenye njaa ya mizizi laini. Ndiyo sababu watafiti wa Uganda na Kenya wameshughulika na endofaiti za migomba kwa miaka mingi, hasa aina za Fusarium oxysporum zisizoleta ugonjwa, kama ile inayoitwa V5w2, wakizichanja kwenye miche ya tishu ili kupunguza minyoo na fukusi.

Onyo moja kabla ya kuendelea. Fusarium oxysporum isiyodhuru na ile ya mnyauko fusari ni ndugu wasiotofautishwa kwa macho wala kwa hadubini ya kawaida. Ile kali zaidi, TR4, iligunduliwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013. Usijitengenezee kichanjo kutoka kwenye mizizi ya shamba lako, hata kama migomba yake imestawi. Tumia kilichotoka taasisi ya utafiti au bidhaa iliyosajiliwa, na uliza mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, kabla ya kuvusha chochote chenye uhai mpakani.

Mche uwe na majani 3 au 4 na mizizi ya sentimita 4 hadi 5. Osha jeli yote kwa maji vuguvugu, ukipitisha vidole kati ya mizizi. Sukari iliyobaki kwenye jeli ndiyo sababu kubwa ya kuoza shingo kitaluni. Kisha:

Kwa Fusarium isiyodhuru au Trichoderma ya unga, tengeneza maji yenye spora milioni 1 au zaidi kwa mililita na utumbukize mizizi kwa saa chache kivulini, majani yakiwa nje na yakinyunyiziwa maji. Kuhesabu spora: weka tone kwenye kioo cha kuhesabia seli, hesabu mraba mkubwa wa milimita 1, zidisha kwa 10,000. Ukipata wastani wa 150, una milioni 1.5 kwa mililita. Bidhaa ya dukani ifuate kibandiko chake, lakini angalia tarehe na ilivyohifadhiwa. Unga wa spora uliokaa kwenye gari juani ni unga tu.

Kwa fangasi wa mizizi wanaosaidia kufyonza fosforasi, weka gramu 10 hadi 20 za kichanjo ndani ya shimo la kiriba, igusane na mizizi yenyewe. Ukiitandaza juu ya udongo umeipoteza. Mbolea ya fosforasi isizidi, kwa sababu mmea ulioshiba fosforasi huwafungia mlango.

Udongo wa viriba: ndoo 3 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyooza vizuri, 1 ya mchanga, vilivyopikwa kwa mvuke kwenye pipa kwa saa moja na kupoa siku mbili. Chanja wiki ile ile unayopanda. Udongo uliopikwa na kuachwa bila kichanjo hukaliwa na yeyote atakayefika kwanza, na mara nyingi ni fangasi wa kuozesha. Usimwagie dawa ya fangasi wiki tatu baada ya kuchanja. Ukilazimika, tambua kwamba umeua ulichokinunua.

Miche ikae chini ya plastiki yenye unyevu mwingi wiki 3 hadi 4, kisha kivuli cha nusu jua wiki 4 hadi 6, hadi ifike sentimita 30. Mche unaooza na kunuka ndani ya wiki mbili za kwanza, shina likiwa laini kama ndizi iliyoiva mno, rudisha namba yake kwenye daftari la maabara na upime upya ukoo wake wote.

Tenga miche 50 bila kichanjo pembeni ya 50 iliyochanjwa, udongo uleule, maji yaleyale, na upime urefu, unene wa shina na idadi ya majani kila wiki mbili. Wiki ya nane, toa miche mitano kila upande, kata vipande 10 vya mizizi vya sentimita 1 kwa kila mche, vioshe kwa ethanoli 70% sekunde 30 na hipokloraiti 1% dakika 2, suuza mara tatu, uviweke kwenye aga ya viazi pamoja na tone la suuzo la mwisho kwenye sahani yake. Hesabu vipande vinavyotoa fangasi uliyemweka. Vikiwa 30 kati ya 50 upande uliochanjwa na 2 upande mwingine, kichanjo kimeingia. Vikilingana pande zote mbili, ama kichanjo kilikuwa kimekufa, ama maji ya kumwagilia yamekibeba kutoka kiriba hadi kiriba, na jaribio lirudiwe meza zikiwa mbalimbali.